Kuku wa Kuvunjwa

Nyumbani kwetu Ruhuwiko kuna jungu la umeme ambalo tulilipa jina la Paroko, kwa sababu likishaanza halikatizwi, halina haraka, na halijali kama mna njaa. Aliyetuachia ni Rosemary, shoga wa dada yangu Beata, siku anahamia Dodoma. Alilifunga kwenye kanga akamwambia dada, "Zawadi yako ya harusi hiyo. Nimeiwahisha, maana nyie kwenu mambo huwa yanachelewa." Beata alicheka. Mama hakucheka. Mimi nikacheka na zamu ya mama.

Jungu lenyewe ni chungu kizito, cheupe ndani, kimekalishwa kwenye bati lenye waya. Kina kifuniko cha kioo na kitufe kimoja cha kuzungusha: moto mdogo, moto mkubwa, basi. Unaweka nyama asubuhi, unakwenda zako kazini, jioni unakuta imeiva bila mtu kupuliza mkaa. Mama alilitazama wiki nzima kama anavyotazamwa mkwe asiyeongea.

"Chombo gani hiki hakichemki? Hata mvuke hakitoi. Humo ndani wanafanya nini?"

"Wanasali, mama."

"Calvin, mdomo wako utakuja kukuponza."

Sasa kabla sijafika kwa kuku, niseme habari za ba'mkubwa, maana kuku mwenyewe alikuwa wake.

Baba alipofariki, ndugu zake wa Hanga walitaka mama afunge virago arudi kijijini na watoto. Mama akasema ana genge lake la mboga, na watoto wanasoma, harudi. Ba'mkubwa Kajetani, kaka yake baba, akanuna. Hakutukana, hakutuma mtu. Alinuna tu, kile kinuno cha mtu mwenye shamba kubwa na muda wa kutosha. Aliyeumia zaidi alikuwa Beata, kwa sababu alilelewa kwake huko Hanga mpaka darasa la nne, na hata kuandika jina lake alifundishwa na yule mzee, kwa kijiti, kwenye vumbi la uani. Mimi niliyezaliwa baadaye nilikuwa namwona mzee mkali tu mwenye koti.

Kinuno hicho tuliishi nacho, mpaka Beata alipopata mchumba. Anaitwa Aidani, mwalimu wa hisabati huko Namtumbo, mpole mpaka unatamani umkanyage kidole uone kama ana sauti. Barua ya posa inapokelewa na mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo ni Kajetani. Mimi ni mwanaume pekee ndani ya nyumba. Nina ndevu, nina kitambulisho cha taifa, nina kibanda changu cha kutengeneza simu pale Msamala. Lakini mdogo haozeshi dada yake. Katika shughuli yote ile kazi yangu ilikuwa kushika beseni.

Na mkubwa aliyenuna hapigiwi simu yakaisha. Kwenye ukoo wetu anaitwa kwa kuku. Kuku huyo hupikwa mzima, kisu hakimgusi baada ya kunyonyolewa na kusafishwa, kila kiungo kipo mahali pake. Mkubwa anamfunua mbele ya watu, anamvunja kwa mikono yake mwenyewe, paja kwa huyu, kidari kwa yule, firigisi anabaki nayo. Kiungo kikilia, ugomvi umekwisha. Kuku aliyekatwa jikoni ni kitoweo tu. Lazima pia awepo shahidi, yule anayemfuata mkubwa kwa kuzaliwa, na kwetu huyo ni baba mdogo Otto. Mkubwa akishindwa kuvunja, shahidi anavunja yeye, na hapo ukubwa umehama. Haurudi tena. Kuanzia siku hiyo huyo mwingine ndiye anapokea barua, anagawa mashamba, anakaa kiti cha kwanza msibani.

Tulishamwita ba'mkubwa mara mbili. Mara ya kwanza mama alichemsha jogoo kwa mkaa. Mzee akamfunua, akamtazama, akasema, "Ludovika, huyu ni kuku au ni kisigino? Mimi meno sina." Akachukua kofia yake, akaondoka bila kumgusa. Mara ya pili alituma ujumbe kwamba mvua imekata barabara. Mvua yenyewe ilikuwa haijanyesha tangu Pasaka.

Wazee wa Aidani nao ni watu. Mara mbili walijiandaa kuja, mara mbili tukawaomba wasubiri. Safari hii walisema kwa upole, na upole ndio uliotutisha: watakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi, na ikishindikana tena basi watajua binti hana kwao, na kijana wao ataangalia kwingine. Tulibakiwa na Jumapili moja kabla ya hiyo ya kumaliza na ba'mkubwa.

"Tatizo ni meno," mama akasema.

"Basi tumpike kwenye Paroko," Beata akasema. "Rosemary anasema humo kuku anatoka mzima vilevile, ila laini. Unamvunja kwa vidole viwili."

Mama alilitazama tena lile jungu, safari hii kama anatazama mtu aliyemdhania mwizi kumbe ni daktari.

Rosemary akatutumia maelezo kwa sauti kwenye simu. Kuku mzima. Maji kidogo sana, anatoa yake mwenyewe. Moto mdogo, msifunuefunue. Akiiva, mtoeni mumtie kwenye oveni kidogo, ngozi iwe nyekundu. Hapo kwenye oveni tukatazamana. Oveni mtaani kwetu ninayoijua ni moja, na mwenyewe anatunzia viatu humo. Lakini Beata akasema keki tunaoka kila Krismasi bila oveni, sufuria juu ya mkaa, bati juu ya sufuria, mkaa tena juu ya bati. Ngozi ya kuku itashindwaje? Tukakubaliana hivyo. Mama akanunua majogoo wawili Msamala, mmoja wa kupika na mmoja wa akiba, maana bado alikuwa hajaamini kitu kisichochemka. Wa akiba tukamfunga kamba uani, kwenye mguu wa benchi.

Jumapili asubuhi niliamka nikakuta jungu limeshawashwa, kuku yumo ndani, maji yamemfika shingoni kama mtu anayevuka mto. Nikafikiri, Rosemary alisema maji kidogo, lakini mimi ni nani. Mama alikuwa anajifunga kitenge cha kwenda misa ya kwanza.

"Calvin, hako kamoto unakaona?"

"Nakaona."

"Ni ka kupikia au ka kuotea?"

"Ka kupikia, mama. Polepole."

"Otto akifika hapa na njaa yake, hiyo polepole utakwenda kumweleza wewe? Zungusha kwenye mkubwa."

Nikazungusha. Na umeme, ambao wiki nzima ulikuwa unakuja kama mgeni wa kupitia tu, siku hiyo ukaingia, ukavua viatu, ukakaa. Haukupepesa hata mara moja. Tuliporudi kanisani nyumba nzima ilinukia vizuri mpaka mbwa wa jirani akaja kukaa mlangoni kwetu kwa adabu.

Beata alifunua kifuniko, akachungulia. Kisha akaita, taratibu, "Mama. Hebu njoo."

Kuku alikuwa amekaa vizuri, mgongo juu, miguu imekunjwa. Beata akaingiza miiko miwili chini yake ili amwinue ampeleke kwenye mkaa tuliokwisha kuwasha. Akainua. Miguu ikabaki chini. Akajaribu tena kwa ubavuni, na mbawa zikaondoka zake kama watu waliosikia kengele ya kutoka shule. Kidari kikafunguka. Mfupa wa paja ukatoka peke yake, mweupe, safi, hauna hata uzi wa nyama, kama kijiko kilichooshwa.

"Huyu jogoo ana nini?" mama akauliza.

"Sijui, mama. Labda..." Beata akashusha miiko. "Jana jioni nilimpaka papai bichi. Ndani na nje. Nilitaka awe laini."

Mama akakaa kwenye kigoda. "Papai."

"Ndiyo."

"Mimi alfajiri nilimchemsha kwanza kwa mkaa."

"Kwa muda gani?"

"Kidogo tu."

Kidogo ya mama yangu naijua. Anaweka sufuria, anasali rozari, anarudi kuchochea, anasali nyingine. Hakumwambia Beata kwa sababu Beata angesema hamwamini. Beata naye hakumwambia mama kwa sababu mama angesema papai linaharibu ladha. Na juu ya papai na rozari, nikaja mimi na moto mkubwa.

"Hata Lazaro alitoka kaburini akiwa na hali nzuri kuliko huyu," nikasema. Nje gari likapiga honi. Lilikuwa gari la Otto.

Kidato cha nne nilipata B ya biolojia, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza ilinifaa kitu. Mama alitoka kupokea wageni, mimi na Beata tukabaki jikoni tukimrudisha kuku alivyokuwa, ndani ya bakuli kubwa lenye mfuniko. Uti wa mgongo katikati. Mapaja huku na huku. Shingo tukaiegemeza kwenye kiazi. Tukamwagia mchuzi mzito, tukamzungushia nyanya na vitunguu. Ukimtazama kwa mbali alikuwa kama picha ya kitambulisho: unajua ni wewe, lakini hufanani.

"Tusiseme kitu," Beata akasema. "Akimgusa tu kidogo atajivunja. Labda wataona ni yeye kamvunja."

"Na kiungo kisipolia?"

"Utalia wewe."

Hapo alitabasamu. Ndilo tabasamu la mwisho nililoliona siku ile.

Ba'mkubwa alikuwa ameshakaa sebuleni, na koti lake, mkono wa kulia mfukoni. Nilipomwambia shikamoo alijibu marahaba na kunipa kiwiko, kama mtu ambaye mikono yake ina matope. Nikadhani ni vumbi la safari. Otto alikuwa bado nje, anaongea na simu kwa sauti ya kutafutia watu waliopo Malawi. Mama alikuwa jikoni anapakua ugali. Beata akashika jagi la maji ya uvuguvugu, mimi nikashika beseni, tukaenda kumnawisha mzee.

"Umekua, Beata," akasema.

"Nimezeeka, ba'mkubwa. Wewe ndiye unachelewa kuja kuniona."

"Nilikuwa na mambo."

"Karibu maji."

Alikaa kidogo. Kisha akautoa mkono mfukoni. Beata akamimina, na yale maji hayakuingia kwenye beseni. Yalinirukia mimi, shati lote. Ule mkono ulikuwa unatetemeka. Si kwa baridi, si kwa uzee ule wa kawaida. Ulikuwa unapigapiga peke yake kama kifaranga kilichokamatwa, na mwenyewe anautazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani anayemharibia kitu. Vidole vilikuwa havikutani. Alijaribu kuukamata kwa mkono wa kushoto, na wa kushoto nao ukaanza.

Beata hakuacha kumimina. Akamimina taratibu mpaka jagi likaisha, kisha akachukua taulo akaifunika mikono yote miwili, akaikandamiza kidogo, akaiachia hapo mapajani kwa mzee. Mimi nilisimama na beseni kavu na shati bichi, na kichwani mwangu mambo yote yakaanza kujipanga yenyewe. Ndiyo maana yule jogoo wa kwanza hakumgusa hata kwa kidole. Ndiyo maana ya ile mvua iliyonyesha Hanga peke yake. Tulikuwa tunatibu meno.

Otto akaingia akifuta jasho, akanawa mwenyewe, akasali haraka, mama akaweka chakula mezani. Baba mdogo Otto si mtu mbaya. Naomba nieleweke hapo. Ana duka la pembejeo, ana gari, anasaidia watu, na akicheka nyumba nzima inacheka. Ila amezaliwa wa pili, na amekuwa wa pili kwa muda mrefu.

"Haya kaka," akasema. "Leo tumalize. Mfunue huyo."

Ba'mkubwa alifunua bakuli kwa mkono wa kushoto, upesi, akauficha tena chini ya taulo. Shingo ikateleza kutoka kwenye kiazi. Mapaja yakalala. Ndani ya bakuli kukawa na mchuzi, nyanya, nyama iliyolala chali, na mifupa imeelea juu yake kama kuni baada ya mafuriko.

Otto akainama akatazama. "Shemeji, huyu kagongwa na gari gani?"

"Ameiva tu, shemeji," mama akasema.

"Kuiva tunakujua. Huyu amekata tamaa." Akacheka, kisha akaacha. "Sasa kaka atavunja nini hapa? Huyu hahesabiki. Mimi ni shahidi, nitasema nimeona nini?"

Mama akapiga magoti palepale, mkono kifuani. "Mnisamehe, wazee. Nilitaka kumsaidia shemeji, kwa sababu ya meno. Nikazidisha."

"Inuka, Ludovika," ba'mkubwa akasema. Ndilo neno lake la kwanza kwa mama tangu amefika, na lilikuwa limetoka bila ukali. Nikaona mama ameshtuka kwa furaha. Mzee alikuwa amekuja kumaliza. Alitaka kumaliza. Kinuno kilikuwa kimeshakwisha zamani, sijui tangu lini, na kilichokuwa kimebaki ni ile mikono chini ya taulo.

"Jambo dogo hili," Otto akasema. "Nimeona jogoo pale uani, kwenye benchi. Mchinjeni yule, mumchemshe kawaida bila ufundi. Sisi muda tunao. Kaka avunje, turudi nyumbani, Jumapili tuje kupokea barua ya huyu binti."

"Kweli," mama akasema, na akainuka upesi, uso umenawiri. "Calvin, leta kisu."

Nikamtazama ba'mkubwa. Alikuwa anatazama ukutani, kwenye picha ya Moyo Mtakatifu, mdomo umefungwa. Taulo mapajani ilikuwa inatingishika.

"Yule si wetu, mama," Beata akasema.

"Nini?"

"Yule jogoo. Ni wa jirani, mama Pamela. Amemfunga hapo kwa muda."

Mimi ndiye niliyemfunga. Mimi ndiye niliyempa na jina, nilimwita Kidato cha Tano, maana alikuwa anasubiri nafasi. Mama alifungua mdomo, akamtazama mwanawe. Mama yangu hakujua kitu kuhusu ule mkono. Lakini amemzaa Beata, na kuna namna Beata anasimama akiwa amelazimika kudanganya, anakusanya vidole vya miguu kama amekanyaga maji baridi. Mama akaitazama ile miguu.

"Eee," akasema polepole. "Wa mama Pamela."

"Basi akatafutwe mwingine," Otto akasema. "Kuku Songea hawajaisha. Calvin apande bodaboda mpaka Msamala, natoa pesa mimi."

"Shemeji, leo sipiki tena," mama akasema. "Nimechoka."

"Umechoka? Ludovika, wageni wanakuja Jumapili."

"Najua."

"Na bila kuku hakuna wa kuwapokea."

"Najua, shemeji."

Otto akashusha pumzi, akamgeukia kaka yake. Sasa hata utani ulikuwa umemtoka usoni. "Kaka, tusimharibie mtoto. Kama ni tabu, sema tu. Mimi naweza kuvunja hata huo mfupa mmoja hapo, ukalia, yakaisha. Jumapili nimpokelee barua yake. Hakuna atakayekulaumu."

Aliongea vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Mdomoni nilikuwa na sentensi moja tu: mikono yake inatetemeka, hawezi. Maneno manne matano, na dada yangu ameolewa. Mimi ambaye huwa siwezi kumeza neno hata msibani, nililishika hilo ulimini, nikalizungusha, nikamtazama Beata nione kama anataka nilitoe. Aliniangalia mara moja tu. Nikalimeza.

"Baba mdogo, asante," Beata akasema. "Lakini anayevunja kwetu ni ba'mkubwa. Mimi ndiye niliyemharibu kuku kwa papai langu. Nitamsubiri."

"Utamsubiri mpaka lini, binti yangu?"

"Mpaka awe na nafasi."

Otto alimtazama, akamtazama kaka yake, akaitazama ile taulo. Sijui aliona au hakuona. Alichukua tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi, akala.

Ndipo ba'mkubwa akasema, "Nipeni ya kwangu kwenye kikombe."

Mama akaleta kile kikombe kikubwa cha bati. Beata akachota nyama na mchuzi kwa upawa, akaketi karibu yake na kumsaidia kukikamata kwa mikono yote miwili, kama mtu anayekabidhiwa kitu kizito. Mzee akanywa. Nyama ilikuwa laini kiasi kwamba haikuhitaji meno wala vidole wala chochote. Kikombe kilimgonga ufizi kidogo, mchuzi ukamchirizika kwenye kola, na wote tukapata cha kutazama kwingine. Alikunywa chote. Akataka kingine.

"Kuna papai," akasema.

"Lipo, ba'mkubwa."

"Zuri."

Alikula kuku zaidi ya nusu. Sijawahi kuona mtu aliyekula vile na shughuli ikawa imeshindikana vile.

Wakati wa kuondoka Otto alitangulia kuwasha gari. Mimi nilibeba mfuko wa viazi tuliowafungia, nikawa nyuma ya ba'mkubwa na Beata walipokuwa wanatembea kwenda barabarani. Mkono wake ulikuwa umerudi mfukoni.

"Uliona," akamwambia.

"Sikuona kitu, ba'mkubwa."

"Ulikuwa unanimwagia maji."

"Maji yalikuwa ya moto. Hata mimi yangenirusha mkono."

Alisimama. Nikadhani atasema kitu kikubwa, kitu cha kuachia ukoo. Alikohoa tu. "Tumbaku ikishakauka nitakuja," akasema.

"Karibu sana."

"Nitakuja, Beata."

"Ndiyo, ba'mkubwa."

Wote wawili walikuwa wanajua, na mimi nilikuwa najua, kwamba mikono ya namna ile haiponi hata tumbaku ikikauka. Lakini alipanda gari akiwa mkubwa wa ukoo, na alikaa kiti cha mbele, na gari likaondoka.

Jioni Aidani akapiga. Simu ya Beata imekufa spika ya sikioni, inasikika kwa sauti kubwa tu, na mimi fundi wa simu za watu wote wa Msamala sijawahi kuipa nafasi. Kwa hiyo alipotoka nayo uani, mimi na mama tulisikia kila kitu kupitia dirisha la jikoni, huku mama akisugua chungu cha Paroko kwa nguvu ambayo chungu hakikustahili.

"Vipi, mzee kakubali?" Aidani akauliza. Alikuwa na furaha tayari, ile ya mtu aliyejifunza salamu za kwenda kuwasalimia wakwe.

"Alikuja," Beata akasema.

"Asante Mungu. Basi niwaambie wazee Jumapili."

"Usiwaambie. Bado hajavunja."

"Amekataa?"

"Hajakataa. Hakuna aliyekataa."

"Sasa?"

Beata alitazama juu ya ukuta, upande wa barabara. Kweli ya ile mikono angeweza kumwambia. Aidani ni mtu mzuri, angeelewa. Lakini Aidani ana mama, na mama yake ana dada aliyeolewa Hanga, na habari ikishafika Hanga inafika na kwa Otto kabla ya misa ya pili. Nikamwona anaipima ile kweli, anaitafutia pa kuiweka, anakosa.

"Kuku aliharibika," akasema.

"Kuku?"

"Nilimpaka papai. Alilainika sana akavunjika mwenyewe."

Mwanzo Aidani alicheka. Kile kicheko cha mtu anayesubiri umwambie sehemu iliyobaki. Beata hakuwa na sehemu iliyobaki, na kicheko kikapungua chenyewe mpaka kikaisha.

"Beata, wazee wangu wamesema hii ni mara ya mwisho."

"Najua."

"Nikawaambie nini? Nisimame mbele ya baba niseme harusi imeshindikana kwa sababu kuku alikuwa laini?"

Beata akakuna ukuta kwa ukucha.

"Kama umebadili mawazo niambie. Usinipe kuku."

Mama aliacha kusugua. Beata akageuka akanitafuta dirishani, na macho yake yalikuwa yananiomba neno. Lolote. Mimi ndiye mwenye maneno nyumbani kwetu, nina la kumjibu kondakta, nina la kumjibu katekista, na Aidani huwa anacheka kabla sijamaliza kusema. Nilifungua mdomo, nikaukuta mtupu.

"Beata?" simu ikasema. "Bado upo?"

"Nipo," akasema, akabaki ameishika mbele ya uso wake.